Goti Hukunjwa, Halisokotwi

Baleti, ngoma ile ya Wazungu ambayo wachezaji wake hunyosha miguu kama fimbo na kusimama juu ya ncha za vidole, si kitu cha ajabu tena mjini Nairobi. Zamani ilikuwa mchezo wa watoto wa wenye nafasi. Siku hizi inafunzwa hata Kibera, na kijana Joel Kioko, aliyekulia mtaa wa Kuwinda, ilimfikisha katika shule ya English National Ballet huko London. Kwa hiyo sina nia leo ya kuanzisha upya ule mjadala wa kama baleti ni yetu au si yetu. Mjadala huo umekwisha kuchakaa, na watoto wenyewe wamekwisha kuujibu kwa miguu yao.

Ninalotaka kusema lahusu jambo dogo zaidi, dogo hata huenda msomaji akashangaa kwa nini limepewa nafasi katika ukurasa huu. Ni namna mtoto anavyoambiwa aweke miguu yake siku ya kwanza anapoingia darasani. Hata hivyo jambo dogo likikosewa mwanzoni hukua, na hili likikosewa huhamia ndani ya goti na kukaa humo.

Katika baleti iko misimamo mitano ya miguu, na karibu kila hatua ya ngoma hiyo huanza na kuishia katika mmojawapo. Msimamo wa Kwanza ndio huu: mchezaji husimama wima, magoti yamenyoka, visigino vinagusana, vidole vya mguu wa kulia vinaelekea kulia na vya mguu wa kushoto vinaelekea kushoto. Mchezaji aliyekamilika, nyayo zake mbili hufanya mstari mmoja, yaani pembe ya digrii 180. Msimamo wa pili ni huo huo, ila visigino vimeachana. Katika wa tatu, kisigino cha mguu mmoja hukaa mbele ya katikati ya mguu wa pili. Katika wa nne, mguu mmoja huwa mbele na mwingine nyuma, pakiwa na nafasi kati yao. Na katika wa tano nyayo hufungana, kisigino cha mmoja kikigusa vidole vya mwingine. Yote mitano ina sharti moja: miguu iwe imefunguliwa nje.

Jaribu, ndugu msomaji. Weka gazeti kando, simama, ugusanishe visigino, kisha ufungue vidole kadiri utakavyoweza bila kukunja magoti. Wengi wetu tutapata umbo la herufi V, na tukijilazimisha zaidi tutaanza kuyumba. Usione haya. Mwili wa binadamu unapotembea, unapobeba mzigo na unapopanda mlima hauna haja ya kusimama hivyo.

Hivi karibuni mzazi mmoja alinieleza habari za binti yake mwenye umri wa miaka saba. Baada ya wiki chache za masomo, mwalimu alimwita na kumwambia, "Mama, mtoto wako anapenda kucheza, lakini miguu yake haifunguki. Itabidi tuilazimishe sasa. Samaki mkunje angali mbichi." Tangu hapo mtoto akawa anarudi nyumbani akishika magoti. Mama yule hakuwa na elimu ya baleti wala hakutaka kumvunjia mwalimu heshima. Aliniuliza swali moja tu: je, ndivyo inavyopasa kuwa?

Jawabu langu ni kwamba sivyo. Na kwa kuwa naamini yeye si mzazi wa pekee aliyeambiwa maneno hayo, nimeonelea nilieleze jawabu hilo hadharani, pamoja na sababu zake.

MIGUU YA MFALME

Kwanza yafaa tujue msimamo huu umetoka wapi, maana wako walimu wanaoufunza kana kwamba ulishuka kutoka mbinguni. Asili yake ni Ufaransa, karne ya 17, katika jumba la Mfalme Louis wa Kumi na Nne. Mfalme huyo alikuwa mchezaji hodari. Mwaka 1653, akiwa na umri wa miaka 14, alijitokeza jukwaani kama Jua katika Baleti ya Usiku, na jina la Mfalme Jua likamganda hata leo. Mwaka 1661 aliunda Chuo cha Kifalme cha Ngoma mjini Paris. Mwalimu wake wa kucheza, Pierre Beauchamp, ndiye anayetajwa kuwa aliipanga misimamo mitano. Mwaka 1700 Raoul-Auger Feuillet alichapisha mfumo wa kuandika ngoma kwa alama, na misimamo hiyo imo. Mwaka 1725 Pierre Rameau naye akaieleza katika kitabu chake cha mafunzo, akimtaja Beauchamp kuwa ndiye mwenyewe.

Feuillet aliandika jambo la kuchekesha kidogo. Baada ya kuonyesha misimamo mitano iliyo mizuri, aliongeza mingine mitano akaiita ya uongo. Hiyo ya uongo ni ile ambayo vidole vinaelekea ndani. Kwa hiyo tangu mwanzo hili halikuwa suala la miguu peke yake. Lilikuwa suala la adabu, la nani muungwana na nani si muungwana.

Kwa nini waungwana wale walitaka kufungua miguu? Sababu zaonekana kuwa tatu. Ya kwanza ni kujionyesha. Wakati huo wanaume wa jumba la mfalme walivaa soksi ndefu za kubana na viatu vya visigino, na mguu uliogeuzwa nje huonyesha uzuri wa shavu la mguu. Tazama picha maarufu ya mfalme huyo iliyochorwa na Hyacinthe Rigaud mwaka 1701. Mfalme amekwisha kupita miaka 60, lakini joho limesogezwa upande ili miguu ionekane, na mguu wa mbele umegeuzwa nje, kiatu chake kikiwa na kisigino chekundu. Sababu ya pili ni upanga. Waungwana wote walifunzwa kupigana kwa upanga mwembamba, na katika mchezo huo mguu uliofunguka humpa mtu msingi imara wa kwenda mbele na kurudi nyuma. Sababu ya tatu ni jukwaa. Ngoma ilipohama kutoka sakafu ya jumba hadi jukwaa linalotazamwa kutoka upande mmoja, ilimfaa mchezaji kuweza kwenda kulia na kushoto huku uso na kifua vikiwaelekea watazamaji. Hakuna aliyetaka kumpa mfalme kisogo.

Sasa sikiliza, msomaji, maana hapa ndipo penye jambo lenyewe. Katika michoro ya vitabu vya wakati ule, nyayo za mchezaji hazifanyi mstari mmoja. Ziko karibu na digrii 90 tu, nusu ya kile kinachodaiwa siku hizi. Ule mstari wa digrii 180 ulikuja baadaye, ngoma ilipokuwa kazi ya watu wanaolipwa, na mashindano ya kuinua mguu juu na kuzunguka kwa kasi yalipopamba moto. Yaani tunamdai mtoto wa miaka saba kitu ambacho mwenyewe mfalme hakudaiwa.

Na palipokuwa na mashindano, hapakukosa njia za mkato. Huko Ufaransa ya karne ya 18 kilikuwako chombo maalumu cha kuigeuza nyonga kwa nguvu. Mwaka 1760 Jean-Georges Noverre, mmoja wa walimu wakubwa kabisa katika historia ya baleti, alitoa kitabu cha barua juu ya ngoma, na humo alikilaani chombo hicho akasema hakina faida, na kwamba kinamharibu anayekitumia. Kwa hiyo wanaolalamika leo hawakuleta ulaini wa kisasa. Onyo limo katika vitabu vya baleti yenyewe kwa zaidi ya miaka 260.

PANAPOFUNGUKA

Mguu hufunguka nyongani. Mfupa wa paja una kichwa cha mviringo kinachokaa ndani ya kikombe cha nyonga, na hapo ndipo penye uhuru wa kugeuka. Kwa watu wazima walio wengi, kila nyonga hugeuka nje kiasi cha digrii 40 hadi 60. Ukijumlisha pande mbili unapata baina ya 80 na 120. Kinachosalia kufikia 180 sharti kitoke mahali pengine: kidogo katika mfupa wa muundi, kidogo katika kifundo, kidogo katika wayo. Wapo wachache waliojaliwa nyonga pana kuliko hizo, na hao ndio tunaowaona katika majumba makubwa ya Paris, London na St. Petersburg. Umbo la kikombe, umbo la mfupa na kano nene iliyo mbele ya nyonga ndivyo vinavyoamua. Mazoezi huongeza nguvu na hulegeza kilichokaza, lakini hayachongi upya mfupa uliokwisha kukomaa.

Goti nalo ni kitu kingine kabisa. Goti ni kama bawaba ya mlango: kazi yake ni kukunjwa na kunyoshwa. Likiwa limekunjwa laweza kugeuka kidogo. Likisha kunyoka hujifunga, halitaki kusokotwa.

Ujanja wa darasani, ambao watoto huujua hata bila kufundishwa, ni huu. Mtoto hukunja magoti kidogo, akapanga nyayo zake kwenye mstari ule unaotakiwa, akaiacha sakafu izishike, halafu akanyosha magoti. Kwa macho ya mzazi aliyekaa kitini, msimamo umekamilika na picha yafaa kupigwa. Lakini paja la mtoto huyo latazama mbele na muundi wake watazama kando, na goti limenaswa katikati kama nguo inayokamuliwa. Kano ya upande wa ndani ya goti huvutika, na gegedu iliyo ndani yake husagika. Wayo nao huangukia ndani, upinde wake hulala, na kidole gumba hubeba mzigo usio wake. Kiuno hubenuka ili mwili usianguke. Rudia jambo hilo mara mia kwa wiki, kwa miaka mitano, kisha uhesabu hasara.

Kuna jambo jingine ambalo kila mwalimu wa watoto angepaswa kulijua. Mtoto anapozaliwa, shingo ya mfupa wake wa paja huwa imepinda kuelekea mbele kwa kiasi cha digrii 40. Anapofikia utu uzima huwa imebaki 15 hivi. Kupungua huko huchukua miaka mingi, na ndiyo maana watoto wengi wadogo hutembea vidole vikielekea ndani, na walio wengi hunyoka wenyewe kabla ya kufika miaka kumi. Basi anayemtazama mtoto wa miaka saba na kutamka kwamba miguu yake haifunguki, anaikagua nyumba ambayo haijaezekwa na kulalamika kwamba inavuja.

Nayo ile methali ya samaki, mimi naipenda, lakini imetumiwa pasipo mahali pake. Ni methali ya tabia: mfunze mtoto adabu mapema. Tena samaki anayekunjwa amekwisha kuvuliwa, hasikii maumivu. Mtoto yu hai, na magoti yale atayahitaji miaka sabini ijayo, kwa kupanda ngazi, kwa kupiga magoti, na kwa kubeba watoto wake mwenyewe.

WATAKAOPINGA

Wapo watakaosema kwamba nataka kuiua baleti, maana bila miguu iliyofunguka hakuna baleti. La hasha. Nakubali kabisa kwamba kufungua miguu si urembo mtupu. Agrippina Vaganova, mwalimu mkuu wa Leningrad ambaye kitabu chake cha mwaka 1934 kingali kinafuatwa duniani kote, alieleza sababu iliyo wazi. Juu ya mfupa wa paja, upande wa nje, pana nundu. Ukiinua mguu kando huku goti likitazama mbele, nundu hiyo hugonga ukingo wa nyonga na mguu hukwama. Ukiligeuza paja nje, nundu hurudi nyuma na mguu hupata njia ya kupanda. Kwa hiyo kufungua miguu kunampa mchezaji uhuru ambao wengine hawana.

Lakini sababu hiyo hiyo ndiyo inayonitetea. Uhuru anaousema Vaganova uko nyongani. Anayegeuza nyayo tu, huku mapaja yakitazama mbele, hapati hata chembe ya uhuru huo. Nundu yake iko pale pale. Amepata mateso bila malipo. Mwalimu anayejua kazi humtaka mwanafunzi afungue kile ambacho misuli ya ndani ya nyonga yaweza kukishika, hata kama ni digrii 80 tu, na kukishika anapokunja magoti, anaporuka na anapotua. Misuli ikipata nguvu, pembe nayo hukua yenyewe kufikia kikomo cha mfupa.

Na hicho kikomo si kikomo cha sanaa. Anna Pavlova, aliyezaliwa Urusi mwaka 1881 na kufariki mwaka 1931 baada ya kuzunguka dunia akicheza, hakusifiwa kamwe kwa miguu iliyofunguka. Waliomwona walisema wazi kwamba ufunguzi wake ulikuwa hafifu. Lakini ni jina lake, si la wenye pembe kamili, lililobaki midomoni mwa watu ambao hawajawahi kuona baleti. Mwenzake Vaslav Nijinsky alikwenda mbali zaidi. Tarehe 29 Mei 1913 mjini Paris aliwaweka jukwaani wachezaji ambao vidole vyao vilielekea ndani, ile misimamo ya uongo ya Feuillet, katika Le Sacre du printemps yenye muziki wa Igor Stravinsky. Ukumbi ulizuka zogo, wengine wakipiga kelele na wengine wakizomea. Leo kazi hiyo inahesabiwa miongoni mwa kazi kuu za karne yake. Na katika miaka ya 1930 Serge Lifar, mkuu wa baleti wa Paris Opera, aliongeza msimamo wa sita ambao nyayo mbili husimama sambamba zikitazama mbele. Jumba lile lile lililorithi kazi ya Beauchamp likakiri kwamba hata mguu usiofunguliwa una neno la kusema.

Sisi wenyewe twalijua hilo tangu zamani. Anayecheza isukuti ya Waluhya, ngoma ambayo UNESCO iliiandika mwaka 2014 katika orodha ya zinazohitaji kulindwa kwa haraka, huanza na magoti yaliyolegea na wayo unaokanyaga ardhi kwa uzito wake wote. Kadhalika sengenya ya Wadigo. Mtoto aliyekulia katika ngoma hizo haingii darasa la baleti akiwa mtupu. Ameingia na mwili uliokwisha kufunzwa jambo jingine. Mwalimu akimwambia kwamba Msimamo wa Kwanza ndio msingi wa ngoma zote duniani, anamdanganya. Ni msingi wa ngoma moja, ngoma kubwa na nzuri, yenye historia yake na makao yake. Ukweli huo haumpunguzii mtoto hamu, bali humwondolea aibu.

WAJIBU WETU

Ni rahisi siku hizi kwa mtu mwenye chumba, kioo na redio kujitangaza kuwa mwalimu wa baleti. Simlaumu kila mmoja; wengi wao wanajitolea, na kazi wanayofanya mitaani ni ya kupongezwa. Lakini anayeushika mwili wa mtoto sharti aujue. Anayetaka kufunza watoto na ajifunze kwanza nyonga iko wapi na goti hufanya kazi gani. Wanaotahini nao wasitoe alama kwa upana wa pembe bali kwa ukweli wake, maana mwalimu hufundisha kile kinachotahiniwa.

Mzazi naye asijione hana la kusema kwa kuwa hajui majina ya Kifaransa. Macho yanatosha. Mwambie mtoto asimame katika Msimamo wa Kwanza, kisha akunje magoti polepole. Kila goti likielekea pale vinapoelekea vidole vya katikati vya mguu wake, ni sawa. Likianguka mbele huku nyayo zikibaki kando, anasokotwa. Tazama chini vilevile: kisigino, mzizi wa kidole gumba na mzizi wa kidole kidogo, vyote vitatu vishike sakafu. Na zaidi ya yote, muulize kama anaumwa. Misuli kuchoka ni kawaida, goti kuuma si ada inayolipwa ili mtu ajue baleti. Likiuma, mtoto apumzike, apelekwe kwa daktari, na mwalimu aulizwe kwa heshima lakini bila woga.

Baleti imekwisha kuingia kwetu, na sioni sababu ya kuifukuza. Naomba tu isije na yale makosa ambayo wenyewe waliyakemea tangu siku za Noverre. Mtoto anayesimama na V ndogo, visigino vikigusana, magoti yakitazama yanakotazama vidole, mgongo umenyoka na uso hauna maumivu, huyo ameushika Msimamo wa Kwanza. Aachwe acheze.